Bingwa aliyekuja Dar akaambiwa hapana

George Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025. Sisi Magomeni tulizipata habari kesho yake usiku, kumi la mwisho la Ramadhani limeshaingia, watu wametoka tarawehe na muuza kahawa ameshatua birika lake pale pale anapolitua kila siku, chini ya mwarobaini. Kijana mmoja akasoma kwenye simu kwa sauti: Foreman, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, miaka 76.

Baba mdogo akakishusha kikombe. "Foreman yupi?"

"Yule wa mashine ya kuchomea nyama, babu."

"Mashine ya nyama gani tena? Foreman wa Kinshasa?"

Kijana akasogeza kidole kwenye simu, akasema eeh, hapa wameandika na Kinshasa pia.

Baba mdogo alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kukunja vidole kama mtu anayehesabu ndugu wa ukoo. Liston, zamani sana. Frazier, 2011. Norton, 2013. Ali mwenyewe, 2016. Sasa na huyu. "Kabaki Holmes," akasema, na alivyolitamka jina la Holmes ungedhani anamdai pesa.

Nimekuwa nikijiahidi kuandika habari za Muhammad Ali kwa miaka mingi, na kila nikikaa naona zimeshaandikwa zote na watu wenye vitabu vingi kuliko mimi. Usiku ule ndipo nikaona kuna kipande kimoja ambacho ni chetu, kimetokea hapa hapa mjini, na vijana wa barazani hawakijui hata kidogo. Mwanzoni mwa Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam, katumwa na Rais wa Marekani, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye.

Nilipolisema hilo vijana walicheka, wakadhani nawatania. Baba mdogo hakucheka. Yeye mpaka leo hajamsamehe Mwalimu.

Ili mwelewe kwa nini, inabidi nimweleze kwanza. Baba mdogo alikuwa bondia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo anavyojitambulisha, ingawa kwa hesabu alipanda ulingoni mara nne tu. Miaka ya sabini alikuwa kuli bandarini, kilo 84, na siku moja mwalimu mmoja wa ngumi alimwona akishusha magunia, akamwambia mwili huo unaumaliza bure kwenye sukari ya watu. Tatizo la kilo 84 kwenye Dar ya wakati ule lilikuwa moja: hakuna wa kupigana naye. Katika mapambano yake manne, matatu alipigana na mtu yule yule, askari magereza, na la nne alipewa mtu aliyempungukia kilo tisa ambaye alikubali kwa sababu ya njaa. Alishinda mawili, akapoteza mawili, akavunjwa pua. Yule askari magereza wakawa marafiki mpaka akaja kusimamia harusi yake.

Nchi hii haizai uzito wa juu. Titus Simba, aliyetuletea medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, alikuwa wa uzito wa kati, na aliyemshinda fainali ni John Conteh, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba, aliyeleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, alikuwa wa bantam, daraja la watu wepesi. Rashid Matumla, Francis Cheka, Hassan Mwakinyo, wote hao majina makubwa, hakuna aliyejijengea jina lake akiwa na kilo tisini. Kwetu bingwa wa uzito wa juu ni kama theluji ya Kilimanjaro: tunajua ipo, tunaionyesha kwa kidole, lakini hakuna anayeishi nayo. (Zamani uzito wa juu ulianzia kwenye kilo 80 hivi. Leo kuna daraja jingine limeingizwa katikati, kwa hiyo baba mdogo angewekwa huko. Nimeshamweleza. Hataki kulisikia.)

Basi mtu wa namna hiyo, peke yake kwenye daraja lake kama mwanafunzi aliyebaki darasani peke yake, ukimletea Muhammad Ali unakuwa umemletea ndugu.

Ya utotoni nitayapitia haraka. Alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay. Baba alikuwa mchora mabango, mama mfanyakazi wa ndani. Alipokuwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli, akaenda kulalamika kwa polisi mmoja, Joe Martin, huku akiapa kwamba mwizi akipatikana atamtwanga. Yule polisi alikuwa anafundisha vijana ngumi, akamwambia bora ujifunze kwanza kutwanga. Hii ndiyo hadithi baba mdogo anayoipenda kuliko zote. Anasema kama baiskeli ile ingeibiwa Kariakoo, mtoto angeulizwa kwanza risiti, na dunia isingempata Ali.

Miaka sita baadaye mtoto wa baiskeli alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Rome. Tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, akawekwa mbele ya Sonny Liston, mtu aliyekuwa amemwangusha Floyd Patterson raundi ya kwanza, mara mbili, katika mapambano mawili mfululizo. Kengele ya raundi ya saba ilipolia Liston alibaki kwenye kiti chake. Clay akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22, na siku chache baadaye akatangazwa jina lake jipya.

Jina ndilo lililomleta Magomeni. Kabla ya hapo alikuwa Mmarekani mweusi anayepiga watu huko kwao. Baada ya hapo alikuwa na jina ambalo kila nyumba ya mtaa huu inalo, wengine wanalo mara mbili. Mwaka ule ule alisafiri Ghana, Nigeria na Misri. Huko Accra alikutana na Malcolm X, mtu aliyemlea katika dini, na kwa kuwa Malcolm alikuwa ameshatengana na Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, Ali akampa mgongo. Alikuja kulijutia jambo hilo sana. Oktoba ya mwaka huo huo Malcolm alifika hapa Dar, na Mwalimu akampokea, wakazungumza. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa ngumi zenyewe. Ukimuuliza baba mdogo Ali alikuwa na nini, hatataja ngumi, atataja miguu. Mtu wa kilo 95 anaelea ulingoni kama wa kilo 60. Mikono ameishusha kiunoni, kosa ambalo mwalimu yeyote wa ngumi wa mji huu angekuzaba kofi kwa ajili yake. Ngumi ikija haiinamii, haikingi, anavuta kichwa nyuma kidogo tu, ngumi inapita mbele ya pua, na hapo hapo jebu, ile ngumi ya haraka ya kunyoosha mkono wa mbele, kwake wa kushoto, limeshatua mara mbili. Kuvuta kichwa nyuma kwa bondia mwingine ni kujiua, maana ngumi ya pili inakukuta umesimama wima kidevu kiko juu. Kwake ilifanya kazi kwa sababu ngumi ya pili ilipofika, miguu ilikuwa imeshamhamisha.

Halafu serikali yao ikaichukua miguu ile. Tarehe 28 Aprili 1967, Houston, aliitwa kuingia jeshini kwenda Vietnam, na jina lilipotajwa asogee mbele, hakusogea. Mkanda ukachukuliwa, leseni za kupigana zikachukuliwa, pasipoti ikachukuliwa ili asipate pambano hata nje. Mwezi Juni mahakama ikamhukumu jela miaka 5 na faini ya dola 10,000. Hakulala gerezani kwa hukumu ile, rufaa ilikuwa ikiendelea, na tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta, majaji wanane kwa sifuri. Lakini miaka haifutiki. Alizuiwa akiwa na miaka 25, akaruhusiwa kurudi ulingoni Oktoba 1970 akiwa na 28, na kwa bondia miaka hiyo ndiyo yenyewe.

Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Bado mjanja, bado mwepesi kuliko wenzake, ila miguu ilikuwa inamaliza raundi nne tano halafu inaomba kukaa. Tarehe 8 Machi 1971 Joe Frazier akamwangusha raundi ya 15 kwa ngumi ya kushoto na kumpa kipigo chake cha kwanza. Mwaka 1973 Ken Norton akamvunja taya. Na katika kupigwa huko Ali aligundua kitu ambacho baba mdogo anakiita laana, wala hakiiti kipaji: kwamba anaweza kuvumilia. Miguu ilipokuwa mizima hakuwahi kulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimpata.

Ndipo tunafika Kinshasa. Vijana wa leo wanadhani watu wa Dar waliliangalia pambano lile. Tungeliangalia na nini? Bara hatukuwa na televisheni. Ilikuja miaka ishirini baadaye. Zanzibar walikuwa nayo, wakitucheka. Kengele ilipigwa saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani walione usiku wao, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano tarehe 30 Oktoba 1974, wakati makuli wanaingia zamu. Baba mdogo anasema habari ilipita bandarini kwa mdomo, gati hadi gati: Foreman kalala. Wengi walikataa. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, 37 kamaliza kabla ya muda. Alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Norton, yule aliyemvunja Ali taya, hakufika raundi ya tatu. Ali ana miaka 32. Watu hawakuwa wakibishana nani atashinda, walikuwa wakiomba Mungu atoke mzima.

Filamu yake baba mdogo aliiona baadaye sana, na tangu siku hiyo anaieleza akiwa amesimama, huwezi kumfanya aieleze akiwa amekaa. Raundi ya kwanza Ali anaanza na mkono wa kulia. "Unajua maana yake?" hukuuliza, na usipojibu hukusogelea akusimamishe. Mkono wa kulia uko nyuma, una safari ndefu mpaka ufike. Kuanza nao mbele ya bingwa, bila jebu la kuutangulia, ni tusi; ni kumwambia wewe ni mzito kiasi kwamba nina muda wa kupita njia ndefu. Foreman akakasirika, kama alivyotakiwa akasirike. Raundi ya pili Ali akaenda kwenye kamba, akaziegemea, akajifunika, akamwachia. Foreman akatwanga mikono, mbavu, mabega, raundi baada ya raundi, kwenye joto la Kongo, na kila akipiga anaambiwa sikioni kwamba hiyo ndiyo yote uliyonayo? Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache, Ali akatoka kwenye kamba na ngumi mfululizo, ya mwisho ya mkono wa kulia, na Foreman akazunguka akienda chini taratibu kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

Ni ushindi mkubwa kuliko wote, na ndiyo ngumi zilizompeleka Ali kule alikokwenda. Baba mdogo anajua. Anaieleza raundi ya tano kwa furaha, halafu anagusa mbavu zake mwenyewe.

Manila siandiki. Ni raundi 14 za mwaka 1975 na Frazier, na kila nikiitazama naiona kama ajali ya barabarani. Mwaka 1978 alipoteza mkanda kwa Leon Spinks, mvulana wa mapambano saba, na miezi saba baadaye akaurudisha, bingwa wa kwanza wa uzito wa juu kuutwaa mara tatu. Mwaka 1979 akatangaza amestaafu. Huyo ndiye aliyetua Dar.

Ilikuwa hivi. Desemba 1979 majeshi ya Wasovieti yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter akataka dunia isiende kwenye Olimpiki ya Moscow, na akihitaji Afrika, akaona amtume mtu ambaye Afrika haiwezi kumfungia mlango. Ali alikuwa India kwa shughuli za hisani. Ikapelekwa ndege ya serikali, akachukuliwa, akaletwa. Kituo cha kwanza, Dar es Salaam.

Fikiria mji wenyewe. Vita vya Kagera vimeisha na mwaka haujatimia, sukari ni ya foleni, sabuni ni ya kufahamiana. Lakini Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Frelimo wa Msumbiji walikaa hapa mpaka wakaenda kuichukua nchi yao. Zimbabwe inaingia kwenye uchaguzi mwisho wa mwezi ule ule wa Februari. Na baba mdogo, ambaye anamtetea Ali mpaka mishipa inamtoka shingoni, mwenyewe alishusha makasha mengi bandarini ya kwenda kwa wapigania uhuru, makasha ambayo makuli hawakuambiwa yana nini na hawakuuliza kwa sababu uzito wake ulisema. Meli zilizoyaleta hazikutoka Marekani.

Waandishi wa habari wakamuuliza Ali jambo lililo wazi kwa kila mtu wa Dar. Mwaka 1976 New Zealand walikwenda kucheza raga Afrika Kusini, mwaka ule ule wa Soweto, na nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikakataa kwenda Olimpiki ya Montreal. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akabaki nyumbani. Tulilipa kwa mtu wetu bora. Marekani ilikuwa wapi? Ilikwenda Montreal, ikakimbia, ikachukua medali. Leo imekasirika yenyewe, inataka sisi tukae nyumbani tena, na inatutaka tukae dhidi ya watu wanaotusaidia Kusini?

Ali hakuwa ameelezwa habari hizo. Alikiri hivyo. Alionekana kama mtu aliyepewa barua apeleke, na aliyepelekewa akamsomea kilichoandikwa ndani. Mwalimu hakumpokea, kwamba jambo la vita na mataifa liletwe na mwanamichezo lilionekana ni dharau. Ali akaenda Nairobi, akaenda Lagos, Monrovia, Dakar, lakini ile safari ilikuwa imeshapigwa ngumi yake hapa, na hata huko mbele alikuwa akisema kwamba pengine alitumiwa.

Hapa ndipo barazani kwetu huwaka moto. Mpinzani wa baba mdogo ni mzee mmoja fundi cherehani, mwembamba, hajapigana na mtu maishani mwake, lakini kwa mdomo ni uzito wa juu. Usiku ule wa Foreman walirudia pambano lao, nadhani kwa mara ya mia.

"Mgeni kaja kwako," baba mdogo alianza, "humpi hata maji?"

"Maji alipewa. Alionana na waziri. Alichonyimwa ni Rais."

"Ali huyo! Aliyekataa Vietnam!"

"Ndiyo maana," fundi akasema, akimung'unya kashata. "Waliomfungia miaka mitatu na nusu ndio waliomtuma. Mwalimu angekubali kumpokea angekuwa amewapokea hao. Sasa nikuulize, mzee mwenzangu. Mwalimu angemtuma Bayi kwa Carter akazungumze habari za Rhodesia, Carter angemfungulia mlango?"

"Bayi si Ali."

"Kwao Ali alikuwa nani? Mkimbiza barua."

Baba mdogo aliniangalia. Huwa ananiangalia hapo, mimi mtoto wa kaka yake, nimsaidie. Na mimi kila mara humwangusha, kwa adabu. Naona fundi ana haki, na naona ile hapana ya Dar ndiyo heshima kubwa Ali aliyowahi kupewa Afrika, kubwa kuliko kelele zote za Kinshasa. Wengine wote walimshangilia. Hapa aliulizwa swali. Malcolm alipokuja mwaka 1964 alikuja na maneno yake mwenyewe, akapokelewa. Ali alikuja na maneno ya watu, akarudishiwa. Mtu aliyesimama Houston asisogee jina lake lilipoitwa alistahili kusomewa barua aliyobeba, na jambo ninalompendea ni kwamba aliposomewa hakujifanya alikuwa anajua. Mabalozi wa kweli hawafanyi hivyo.

Baba mdogo anasema hiyo ni falsafa ya watu waliosoma, na kwamba mgeni ni mgeni.

Nikamkumbusha la Moscow, ingawa analijua. Tanzania ilikwenda. Bayi akapata fedha mita 3,000 za kuruka viunzi, nyuma ya Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka naandika haya, baada ya Olimpiki zote zilizofuata hadi Paris, hizo medali mbili ndizo pekee ambazo nchi hii imewahi kupata. Ali angefanikiwa kazi yake pale Dar, tungekuwa na sifuri.

"Basi angalau tungekuwa tumempa maji," akasema.

Miezi minane baada ya Dar, Ali alirudi ulingoni. Alikuwa na miaka 38. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, Larry Holmes, aliyewahi kulipwa kumfanyisha mazoezi, alimpiga raundi kumi mpaka kona yake ikasema basi. Ndiyo sababu baba mdogo hulitamka jina la Holmes vile, ingawa Holmes mwenyewe hakulifurahia lile. Desemba 1981, Bahamas, akapigana na Trevor Berbick kwenye pambano ambalo hata kengele haikuwepo, wakapiga kengele ya ng'ombe. Akapoteza. Mapambano 61, ameshinda 56, na hapo ndipo ilipoishia. Mwaka 1984 madaktari wakasema ni Parkinson. Ana miaka 42.

Mwaka 1996 tulikuwa tumeshapata televisheni, si nyumbani kwetu, kwa jirani, na tulienda kumwona akiwasha mwenge wa Olimpiki ya Atlanta. Chumba kimejaa, watoto tumekaa chini. Ali kajitokeza juu pale, mwenge mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unatetemeka hautaki kutulia. Wanawake walisema maskini. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: "Huo ndio wa jebu."

Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016, na wiki ile baba mdogo alisimulia tena jinsi alivyompokea uwanja wa ndege. Hadithi hiyo nimekua nayo. Nilipokuwa mdogo, aliona kichwa chake juu ya watu. Nilipokuwa sekondari, Ali alimpungia. Nilipooa, mbele ya wakwe zangu, Ali alimshika mkono, akaupima, akamwambia wewe ni bondia. Hatujawahi kumsuta. Mtu aliyepigana mara tatu na askari magereza yule yule ana haki ya kushikwa mkono mara moja na bingwa wa dunia.

Lakini usiku ule wa Foreman, fundi ameshaenda kulala, muuza kahawa anasuuza vikombe, tumebaki wawili. Nikamuuliza, taratibu, baba mdogo, ile siku ya uwanja wa ndege, ilikuwaje hasa.

Akachelewa kujibu. "Sikufika," akasema. "Basi lilijaa, nikashuka, nikaenda kwa miguu Pugu Road. Nilipofika Tazara nikaona watu wamesimama pembeni, na mimi nikasimama. Yakapita magari."

"Ukamwona?"

"Vioo vilifungwa. Kulikuwa na jua, kioo kinang'aa." Akauinua mkono wa kushoto, akaufungua kiganja juu, kama mtu anayeonyesha kitu kilichopita haraka. "Gari la tatu. Au la nne."

Muuza kahawa akauliza kama tunaongeza, maana anamwaga.